Watatu Waliomfungua Kalunde

Sogeeni, na anayetafuna amalize kabisa. Hadithi hii haimtaki mtu wa kuitikia tu, inamtaka mtu wa kuamua. Kila mmoja ashike lake kichwani, asiazime la jirani.

Palikuwa na wanaume watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Jilala, naye alikuwa mwindaji. Jilala alijua kutafuta. Angeuona unyayo wa swala mahali ambapo wewe unaona jiwe tupu, akakwambia swala huyo alipita jana, na alikuwa na haraka. Mbuzi akipotea kijijini kwao Kalembela, watu hawakuhangaika na mbuzi, walikwenda kumgongea Jilala.

Wa pili aliitwa Sitta, mchonga vinu. Sitta alijua kusikiliza. Ungemweleza jambo lako tangu jua linachomoza hadi linakaa utosini, naye asikukate kauli, asipige mwayo, asikwambie "hata mimi yalinipata kama hayo." Watu walitoka kwake wepesi na hawakujua ni kwa nini, maana hakuwa amewapa shauri lolote.

Wa tatu hakuwa mtu wa Kalembela. Aliitwa Kagoma, alitoka Uvinza kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Kagoma alijua kuuliza. Aliuliza mambo ambayo watu wazima walikwisha choka kuyauliza, na akishakuuliza, swali lake lilikufuata hadi shambani.

Wote watatu walimpenda mwanamke mmoja. Huyo mwanamke ndiye mwenye hadithi.

Jina lake Kalunde. Alikuwa mfinyanzi katika kijiji cha warina asali, huko ambako miombo inaanza nyuma ya nyumba ya mwisho na haiishi mpaka miguu ikuishe. Vyungu vyake vilijulikana kwa alama mbili za kidole gumba chini ya kitako, zilizokaa pamoja kama macho. Alipokuwa na miaka kumi na minane aliposwa na Mihambo, mrina asali, kijana mwenye mwanya na maneno mengi. Kalunde hakumchagua Mihambo kama mtu anavyochagua. Aliinua kichwa siku moja mtoni, akamwona anavuka na lindo la asali, lile pipa la gome, kichwani huku anaimba vibaya kwa sauti kubwa, na mambo yakawa yamekwisha. Mahari ilipokelewa. Ikabaki kungoja mavuno ya asali yapite, arusi ifanyike.

Mihambo akaingia porini na wenzake sita.

"Mizinga ikijaa narudi," alimwambia Kalunde.

"Na isipojaa?"

"Nitarudi nikiwa na njaa."

Wenzake walirudi sita, yeye hakurudi. Walisema asubuhi moja aliona kundi la nyuki linahama, akasema atalifuata peke yake ajue linakotua. Walimngoja mpaka jioni. Wakamtafuta siku tisa, wakipiga mbiu na kuchoma majani mabichi ili auone moshi. Hawakupata hata kipande cha nguo.

Sasa, desturi ya Kalembela ilikuwa hivi: asiyeonekana hajafa. Asiyekufa hana matanga. Na asiye na matanga, mtu wake hana ruhusa ya kwenda mbele wala nyuma. Kalunde hakuwa mjane, kwa kuwa hakuwa ameolewa, wala hakuwa mwari, kwa kuwa alikwisha poswa. Akahamia kwa mama yake Mihambo, bibi aitwaye Nyamizi, ambaye hakuwa na mtoto mwingine duniani. Akamwita mayu, kama watu wa huko wanavyowaita mama zao. Kila jioni wanawake hao wawili walipopakua ugali, Kalunde alitenga fungu la Mihambo kwenye kibakuli, akalifunika. Asubuhi fungu hilo walipewa kuku.

Mwaka wa pili walikuja wachumba. Aliwajibu, "Nina mtu." Mwaka wa tatu wakaja wachache. Mwaka wa tano hakuja mtu. Kulikuwa na jambo moja ambalo Kalunde hakumwambia hata mayu: sauti ya Mihambo ilikuwa imemtoka kichwani. Alikumbuka maneno, alikumbuka mwanya, lakini sauti haikuwapo tena. Akaificha habari hiyo kama mtu aliyepoteza kitu cha watu.

Mwaka wa nane Jilala alikuja uani, akasimama mbali kidogo na udongo uliokuwa ukikaushwa.

"Kalunde, nakupenda, na unajua. Lakini siwezi kukuposa. Sijui namposa mke wa nani. Nataka kwenda kumtafuta Mihambo."

"Walimtafuta siku tisa, Jilala. Wakati huo nyayo zilikuwa mbichi."

"Wao walimtafuta mtu. Mimi nitawatafuta nyuki."

Kalunde akaacha kukanda. Katika miaka yote minane hakuna aliyewahi kuwaza hivyo.

"Na ukimkuta hai?"

"Nikimkuta hai nitamleta. Hata ikiwa ni mgongoni."

Akaondoka na mkuki, unga na chumvi. Alikaa huko miezi miwili. Alifuata njia za nyuki wanapohama, kutoka mti wenye maua hadi bonde lenye maji, kutoka bonde hadi mti. Nyoka alimgonga kidole cha mguu. Alikikata mwenyewe kwa kisu, akafunga kwa gome, akaendelea. Wakati watu wa Kalembela walipoanza kusema sasa wamepotea wawili, Jilala akatokea akichechemea, amekonda, ndevu zimemjaa. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja uani kwa bibi Nyamizi, akaweka chini shoka lenye kutu, na kando yake kijungu kidogo cheusi, kile ambacho warina asali hubebea kaa la moto.

Kalunde alikigeuza kijungu. Chini ya kitako kulikuwa na alama mbili za kidole gumba.

"Ni mninga mkubwa, mbali sana upande wa machweo," Jilala alisema. "Kamba ya magome ingali juu, imekatika. Nyuki wako hai, wamejaa shimoni. Yeye alikuwa chini. Mifupa niliifunika kwa mawe. Sikuona haki kumbeba mtu bila mama yake kujua."

Nyamizi alitoa ukelele mmoja, akaanguka. Majirani wakaja mbio. Kalunde hakulia. Alisema, "Asante, Jilala. Umechoka. Kaa ule." Akampikia, akampa maji ya kunawa, akamtazama akila hadi akamaliza. Na jioni ile alitenga fungu la Mihambo kama kawaida, akalifunika.

Hapo ndipo lilipoanza jambo baya zaidi. Kalunde alijua kwamba Mihambo amekufa. Kichwa kilijua, mikono ilikataa. Akaacha kufinyanga. Akawa anakaa mlangoni ameelekea njia, ile ile ambayo Jilala alimthibitishia kwamba hakuna mtu atakayetokea. Ukimsemesha, anajibu. Ukimpa uji, anakunywa. Lakini watu waliomjua walisema afadhali zamani, alipokuwa akisubiri, maana anayesubiri angalau yupo.

Wazee wakakutana kuamua kama matanga yafanyike. Wengi hawakutaka.

"Matanga ya miaka minane!" alisema mmoja. "Kuna watoto hapa wanachunga ng'ombe na hawajawahi kumwona huyo Mihambo. Watamlilia nani?"

Sitta mchonga vinu alikuwepo. Hakuna aliyekumbuka lini mara ya mwisho Sitta alisimama mbele ya watu kusema. Siku hiyo alisimama.

"Wakubwa zangu, mtoto akizaliwa hatumuulizi kwa nini hakuzaliwa juzi. Tunasema siku yake imefika. Na kilio hiki siku yake ni leo. Tusipokizaa, kitaua mama."

Wazee walitazamana. Mmoja akacheka kidogo, akasema, "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unatusikiliza ili utushinde." Wakakubali. Mifupa wakaiacha chini ya mawe yake, maana ni mbali, wakachimba kaburi, wakalizika shoka la Mihambo ndani ya shuka jeupe, wakaomboleza siku saba. Nyamizi akanyolewa nywele. Kalunde alisimama pale kaburini macho makavu.

Watu walipokwisha tawanyika, asubuhi ya siku ya nane Sitta alifika uani na gogo la mkora na tezo. Akaketi, akaanza kuchonga.

"Niambie habari zake," alisema.

"Zipi?"

"Anzia pale ulipomwona kwanza."

Kalunde akaanza, kwa shida, maneno yakitoka moja moja. Mto. Lindo la asali. Kuimba vibaya. Kesho yake Sitta akarudi, na keshokutwa. Siku thelathini alikuja, na kila siku alisikiliza habari za mwanamume mwingine kutoka kwa mwanamke aliyempenda. Siku moja bibi Nyamizi alimsindikiza hadi njiani, akamuuliza, "Mwanangu, haikuumi?"

"Inauma, mayu."

"Mbona basi unakuja?"

"Kwa sababu hajamaliza."

Siku ya kumi na mbili Kalunde alikuwa anasimulia jinsi Mihambo alivyokuwa akijisifu. Kwamba hakuna nyuki anayemshinda. Kwamba woga wa wenzake unamchekesha. Alisema akicheka, halafu kicheko kikageuka mdomoni.

"Walimkataza," alisema. "Wote sita walimkataza asiende peke yake. Akaenda! Aliniacha kwa ajili ya nyuki, Sitta! Miaka minane nimemtunzia chakula mtu aliyeniacha kwa ajili ya nyuki!"

Akalia. Alilia siku ile, na ya pili, na ya tatu, kilio cha kutoka chini kabisa, hadi majirani wakazoea. Sitta hakumwambia nyamaza wala hakumwambia lia. Alichonga. Siku hizo tatu hakuwa anaangalia mikono yake, kwa hiyo kile kinu kilichongwa ndani mpaka kikatoboka ubavuni, na kikawa hakifai kwa kazi yoyote. Siku ya thelathini Kalunde alisema, "Nafikiri zimekwisha." Sitta akakusanya vifaa vyake, akamuaga, akaenda zake. Hakusema neno la uchumba. Aliona ni aibu kumposa mtu ambaye machozi hayajamkauka.

Kalunde akapona. Akarudi kufinyanga. Lakini alifinyanga kama mtu anayefagia uwanja, kwa kuwa ni lazima ufagiliwe. Wanawake wenzake wakimtania kuhusu mume, alitabasamu akasema yake yamepita. Aliamini hivyo kweli. Alidhani moyo wa mtu una mlango mmoja, na wake ulikwisha tumika. Na kwa mazoea tu, bila hata kuwaza, aliendelea kutenga lile fungu jioni.

Msimu wa kiangazi uliofuata ndipo Kagoma alipofika kutoka Uvinza na wapagazi wawili. Kwao maji ya chumvi huchemshwa kwenye vyungu vikubwa siku kutwa, na vyungu vilikuwa vikipasuka mno. Alikuwa anatafuta mfinyanzi. Alikipiga chungu cha Kalunde kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Hiki kitapasuka siku ya tatu," alisema.

Kalunde alikuwa hajatukanwa miaka mingi. Watu walimhurumia sana hata wakawa wanasifu kila anachogusa.

"Vyungu vyangu havipasuki. Uliza kijiji kizima."

"Kijiji kizima kinapikia maharage. Kwa nini unachanganya udongo na mchanga wa mtoni?"

"Ndivyo alivyofanya mama yangu."

"Mama yako alichemsha chumvi?"

"Hapana."

"Basi yeye alikuwa sahihi. Anayekosea ni wewe."

Kalunde akamwambia atoke uani kwake. Kagoma akatoka. Lakini swali likabaki. Alfajiri Kalunde alijikuta ameamka mapema, anatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika ili aone udongo utashika vipi ukichanganywa na vigae badala ya mchanga. Kagoma alipopita alimkuta na unga mwekundu hadi nyusini.

"Vigae vya chungu kilichochomwa sana, au kidogo?" akauliza.

"Kuna tofauti?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Walijaribu mwezi mzima. Chungu cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikavuja. Cha tatu kililipuka motoni kwa kishindo, Kagoma akiwa ameinama kukichungulia, akainuka amejaa majivu na hana nyusi. Akasema kwa utulivu, "Huyu wa tatu ana hasira za aliyemfinyanga." Kalunde akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka bibi Nyamizi akatoka ndani kuangalia ni nani aliyekuja, maana kicheko hicho hakukitambua.

Kagoma hakuwahi kumtaja Mihambo. Habari alikuwa amezisikia, kijiji hakikosi midomo, lakini hakuuliza juu ya hilo. Alimuuliza Kalunde angependa kuona nini ambacho hajakiona. Alimuuliza kwa nini hucheka akiwa amefumba jicho moja. Alimuuliza kama anaogopa kuzeeka. Kalunde akagundua kwamba majibu ya maswali hayo hakuwa nayo, na kwamba alitaka kuyajua.

Chungu cha saba kilikaa motoni siku tano, kikatoka kizima. Siku hiyo walikula kwa furaha, wakazungumza hadi vyombo vikakauka. Asubuhi bibi Nyamizi akiwa anafagia alisema, bila kuinua kichwa, "Jana hukutenga."

"Mayu! Nimesahau. Wallahi sikukusudia."

"Nilikuona. Nikanyamaza. Nilitaka nione kama nitakasirika."

"Ukakasirika?"

"Nilikula, nikashiba, nikalala," bibi alisema. Kisha akaegemea ufagio. "Mwanangu nilimzaa mimi. Nikiweza kula bila yeye kuwa na sahani, na wewe waweza. Usitenge tena."

Kalunde alikaa nyuma ya nyumba akijichunguza, kama mtu anayepapasa jino lililokuwa likiuma. Alimwaza Mihambo. Alimwona anavuka mto. Ilikuwa habari nzuri ya zamani, na ilikaa mahali pake. Halafu akawaza kesho, na kesho ilikuwa na mtu ndani yake. Akashtuka.

Mambo hayafichiki Kalembela. Kagoma alipokwenda kwa bibi Nyamizi kumwambia anataka kuposa, Jilala alipata habari kabla ya jua kuwa kali, na Sitta alipata kabla Jilala hajafika. Wakakutana uani watatu, kila mmoja kavaa vizuri kwa haraka. Wazee wakaitwa. Majirani hawakuitwa, lakini walikuja.

Jilala akasema kwanza. "Mimi nilimpenda alipokuwa hawezi kupendwa. Nilimtafuta mpinzani wangu nikiwa tayari kumleta hai. Nilirudi na vidole tisa. Bila mimi Kalunde angekuwa mlangoni leo anasubiri, na ninyi wawili mngekuwa mnampita na kumwamkia."

Sitta akasema, "Ni kweli, na hakuna atakayekunyang'anya. Lakini ulileta kifo, ukakiacha mlangoni. Kujua kulimgeuza jiwe. Mimi niliketi na jiwe hilo mpaka likatoa maji. Habari zote za Mihambo, tamu na chungu, ziko humu kifuani mwangu, kwa hiyo yeye hahitaji kuzibeba peke yake. Nani mwingine atakayemjua hivyo?"

Kagoma akasema, "Mimi sikwenda porini na sikukaa matangani. Nilimkuta amepona, lakini alikuwa hataki kitu. Ninyi mlimtazama Mihambo, mkamwondoa njiani, na mlifanya vyema. Mimi nilimtazama Kalunde. Bila mimi angekuwa amefunguliwa mlango, na asitoke."

"Ungeutazamaje uso uliogeukia njia?" Jilala akamuuliza Kagoma.

"Na wewe ungemfanya nini baada ya kumletea shoka?" Sitta akamuuliza Jilala.

"Na wewe, alipokwambia zimekwisha, kwa nini uliondoka?" Kagoma akamuuliza Sitta, na Sitta, kama kawaida yake, akasikiliza swali hilo hadi mwisho.

Wazee wakageukiana. Mmoja alisema mke ni wa aliyetoa damu, jambo hilo halina mjadala. Mwingine akasema damu ya kidole hukauka, lakini masikio ya Sitta atayahitaji hadi uzeeni. Mama mmoja jirani, ambaye hakuulizwa, akasema kwa sauti, "Mwanamke hucheka na nani? Huyo ndiye mume. Hao wengine ni ndugu wema." Akaambiwa anyamaze. Mwenzake akamjibu kwamba kicheko ni rahisi kwa aliyefika shamba limekwisha limwa.

Wakamuuliza bibi Nyamizi. Akakataa. "Mimi Mungu alinipa mmoja wa kumsemea, nikamwambia nenda na urudi salama. Sisemei mwingine."

Basi wote wakamtazama Kalunde.

Kalunde alisimama. Kwanza alisema jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelisikia kutoka kinywani mwake kwa miaka mingi. "Nataka kuolewa." Alilisema kwa sauti, na wanawake wakapiga vigelegele kabla hajafika mbali, akawatuliza kwa mkono.

"Nataka kuolewa, na nawashukuru watatu. Nimejipima. Jilala akiingia uani, mgongo wangu unatulia. Najua hakuna kitakachonifika. Sitta akikaa, sina haja ya kuficha kitu. Kagoma akija, nataka kujua atasema nini, na mimi nitasema nini. Nilipokuwa msichana niliinua kichwa mtoni, nikaona, yakaisha. Sikuulizwa. Safari hii naulizwa, na sijui ni lipi kati ya haya matatu linaloitwa mapenzi. Au ni lipi ni shukrani iliyovaa nguo za mapenzi. Mnajua ninyi?"

Wazee wakampa muda wa kufikiri. Kagoma alikuwa na siku tatu kabla ya wapagazi wake kuanza safari ya Uvinza, na Jilala na Sitta walisema hawatangoja zaidi ya hapo, kwa kuwa kila mmoja wao alikwisha ngoja vya kutosha.

Alimchagua mmoja, kwa hiari yake, siku ya tatu asubuhi, na hao wawili waliobaki walimpa mkono mwenzao. Lakini aliyenipa hadithi hii alikataa kunitajia jina. Alisema Kalembela waligombana juu ya jambo hilo misimu mitatu ya asali, na kwamba ukiambiwa aliyemchagua utaacha kufikiri.

Kwa hiyo nawapa kama nilivyopewa. Aliyemletea ukweli alipokuwa hajui. Aliyeketi naye ukweli ulipomlemea. Aliyemfanya autake mchana wa kesho. Ukimtoa mmoja, hao wawili hawana walichofanya. Kalunde amesimama katikati ya uwanja, anangoja, na wewe ndiye yeye.

Je, wewe ungeamua vipi? Jibu taratibu, maana huyo utakayemtaja ndiye utakayeamka naye.